Asilimia Tatu ya Nani?

Mama mmoja anayeuza mitumba ya watoto katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile, na ambalo nimekuwa nikilijibu kidogo kidogo tangu wakati huo. Binti yake alikuwa amepata A katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, na alikuwa akijiandaa kuomba nafasi katika vile vyuo vikuu vya Marekani ambavyo watu huvitaja kwa sauti ya chini, kana kwamba hata jina lenyewe hulipiwa karo. Nilikuwa nimemweleza mama huyo, kwa ukweli niliouona kuwa ni wema, kwamba Harvard humkubali mwombaji mmoja tu kati ya ishirini na wanane, yaani asilimia tatu na ushei. Alikunja suruali aliyokuwa ameishika, akaiweka juu ya rundo, akasema: "Mwalimu, hiyo asilimia tatu ni ya nani? Jumapili hapa kwangu hupita watu elfu. Wanaonunua ni hamsini. Wengine wanapita tu kwenda kutafuta matatu."

Mimi hufundisha hisabati, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitenga asubuhi za Jumamosi kwa ajili ya vijana waliomaliza kidato cha nne wanaotaka kujaribu kusoma ng'ambo. Kazi hiyo hailipwi, ingawa mara mojamoja huletewa ndizi au mfuko wa mchele wa Ahero. Vijana hawa huwa nyumbani mwaka mzima, kwa sababu matokeo ya KCSE hutolewa Januari, wakati ambapo vyuo vingi vya aina hiyo vimekwisha kufunga kupokea maombi siku chache kabla. Basi mtoto aliyefanya mtihani Novemba hulazimika kuomba mwishoni mwa mwaka unaofuata na kuondoka Agosti ya mwaka mwingine tena. Katika muda huo wote majirani humwuliza mzazi kwa nini mwenye A anakaa sokoni akipanga nguo. Kwa familia za namna hii, kujua ushindani una ukali gani hasa si udadisi wa kupitisha wakati, kwa maana jawabu ndilo linaloamua iwapo mwaka mzima wa kijana unatumika au unapotea.

Nianze na takwimu yenyewe. Kwa kundi lililoingia mwaka 2024, Harvard ilipokea maombi 54,008 na kuwakubali watu 1,937. Kwa kundi lililoingia mwaka 2020, waombaji walikuwa 40,248. Kilichotokea katikati kinajulikana: janga la Korona lilifunga vituo vya SAT, mtihani wa lugha na hisabati ambao waombaji wa vyuo vya Marekani huufanya, chuo kikaondoa sharti la kuufanya, na katika mwaka mmoja maombi yakaruka hadi 57,435, huku vitanda vya mabweni vikibaki vilevile. Sidhani kuna mtu aliyeamini kwamba ulimwengu ulikuwa umeongeza werevu wake kwa asilimia arobaini katika miezi kumi na miwili. Sharti hilo liliporudishwa kwa kundi la kuingia mwaka 2025, maombi yalishuka chini ya 48,000, na kiwango cha waliokubaliwa kikapanda kupita asilimia 4. Mama wa Kibuye, ambaye hajawahi kuliona geti la chuo hicho, alikuwa ameona kweli: sehemu ya umati ni wapita njia, na njia ikipanuliwa wapita njia huongezeka.

Kuna jambo jingine ambalo mwalimu wa hisabati hawezi kulinyamazia. Fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, iitwayo Common App, humruhusu kijana kuomba vyuo hadi 20 kwa insha moja kuu, pamoja na nyongeza ambazo kila chuo hudai. Chukulia kwamba kuna vijana 100 na vyuo 10, kila chuo kikiwa na viti 10. Viti ni 100 na vijana ni 100, kwa hiyo hakuna anayehitaji kubaki nje. Lakini kila kijana akiingiwa na hofu na kuomba vyuo vyote 10, kila chuo kitapokea maombi 100, kisha kitatangaza kwamba kimekubali asilimia 10 tu ya walioomba. Tangazo hilo litawatisha wadogo zao, nao mwaka unaofuata wataomba vyuo zaidi, na asilimia itashuka tena bila mtoto hata mmoja kuongezeka. Hesabu hii ni ya darasa la saba, nami huiandika ubaoni kila msimu mpya, kwa sababu nimeona jinsi mabega ya wazazi yanavyoshuka wanapoielewa.

Ulinganisho unaonisaidia kuliko yote, hata hivyo, ni ule wa Oxford. Chuo hicho hupokea maombi zaidi ya 23,000 kwa mwaka ya shahada ya kwanza na kuingiza wanafunzi zaidi kidogo ya 3,200, yaani mmoja kati ya saba. Anayesoma asilimia peke yake atadhani kwamba kuingia Oxford ni rahisi mara nne kuliko kuingia Harvard, na hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayemwambia mwanafunzi wake hivyo. Tofauti imo katika gharama ya kujaribu. Mfumo wa maombi wa Uingereza humpa kijana nafasi tano tu, humkataza kuomba Oxford na Cambridge katika mwaka mmoja, na humtaka achague kozi yake kabla ya kuomba. Tena kozi nyingi za Oxford zina mtihani wake maalumu, kisha mahojiano na wahadhiri wenyewe. Anayejijua kwamba hatafika hata kwenye mahojiano haipotezi moja kati ya nafasi zake tano. Umati wa Oxford umechujwa kabla ya kufika mlangoni, na waliouchuja ni waombaji na walimu wao.

Nilikuwa nimefika hapo, na nilikuwa tayari kumrudia mama yule nimwambie kwamba alikuwa sahihi na kwamba asilimia tatu ni kivuli tu, niliposoma yaliyofichuliwa katika ile kesi iliyoishtaki Harvard na kusikilizwa Boston mwaka 2018, ambayo hatimaye ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani na kuamuliwa mwaka 2023. Kesi hiyo ilihusu rangi na asili za waombaji, lakini mimi niliisoma kwa ajili ya hesabu zake, kwa kuwa chuo kililazimishwa kufungua mafaili ambayo vyuo vya namna hiyo huyafungia kabatini. Kwa kundi lililotarajiwa kuhitimu mwaka 2019, maombi yalikuwa takriban 35,000 na viti vilikuwa kama 1,600. Kati ya waombaji hao, wapatao 2,700 walikuwa na alama kamili katika sehemu ya lugha ya SAT, wapatao 3,400 walikuwa na alama kamili katika hisabati, na zaidi ya 8,000 walikuwa na wastani kamili wa alama za shule. Ukiwafukuza wote waliokuwa na doa lolote katika rekodi zao za shule, ukabaki na hao 8,000 peke yao, bado kila kiti kingegombewa na watu watano.

Mfano wa soko, basi, huvunjika hapo. Kibuye, wapita njia elfu wakiondoka, muuzaji hubaki na wanunuzi hamsini na nguo za kuwatosha wote. Kule, wapita njia wakiondoka, hubaki foleni ya watu wenye pesa mkononi iliyo ndefu mara kadhaa kuliko bidhaa zilizopo. Asilimia tatu huongeza chumvi kuhusu ukubwa wa umati, lakini haiongezi chumvi kuhusu kubanana kwa walio mbele. Mtu dhaifu anayeomba hana asilimia tatu. Ana sifuri, au kitu kilicho jirani na sifuri. Aliye mbele kabisa ana uwezekano mkubwa zaidi ya huo. Wale walio katikati, ambao ndio wengi wa vijana wanaokaa mbele yangu Jumamosi, hawana nambari yoyote ambayo mtu mwaminifu anaweza kuwapa.

Nyaraka za kesi hiyo zilionyesha pia jinsi mafaili yanavyosomwa. Kila mwombaji hupewa alama za nambari, 1 ikiwa ndiyo ya juu, kwa masomo, kwa shughuli za nje ya darasa, kwa michezo na kwa hulka yake, kisha kamati hukaa na kupiga kura. Wanaopata 1 katika masomo hawafiki asilimia moja ya waombaji wote. Ni watoto ambao tayari wamefanya jambo ambalo profesa angelitazama mara mbili, na mimi katika maisha yangu ya ualimu nimemfundisha mmoja ambaye huenda angestahili alama hiyo, naye hakuwahi kuomba. Wengine wote wenye A zao hukusanyika chini ya alama zinazofuata, mahali ambapo masomo hayamtofautishi mtu na jirani yake.

Lipo na suala la viti vyenye wenyewe, ambalo nalieleza kwa ufupi kwa kuwa linakera na haliwezi kurekebishwa kutoka Kisumu. Wanamichezo walioteuliwa na makocha, watoto wa waliosoma hapo, watoto wa wafanyakazi, na wale walio katika orodha maalumu ya mkuu wa udahili walikuwa chini ya asilimia 5 ya waombaji wa Harvard katika miaka iliyochunguzwa, lakini walikuwa karibu asilimia 30 ya waliokubaliwa. Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walionyesha kwamba, kwa alama zilezile za mtihani, mtoto wa familia iliyo katika asilimia moja ya juu kwa kipato ana uwezekano zaidi ya maradufu wa kusoma katika vyuo hivyo kuliko mtoto wa familia ya kipato cha kati. Kwa hiyo hata wale watano waliokuwa wakigombea kiti kimoja hawakuwa wakigombea viti vyote.

Wazazi wetu huona haya yote kuwa mageni kwa sababu tumelelewa na mfumo mwingine kabisa. Hapa nyumbani KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, huchukua alama za masomo manne ya klasta, yaani yale yanayodaiwa na kozi, na jumla ya masomo saba, huziingiza katika fomula, na kutoa pointi zenye tarakimu tatu baada ya nukta, ambazo juu yake ni 48. Aliyekosa udaktari katika chuo fulani kwa nusu pointi anajua kwamba amekosa kwa nusu pointi, na anaweza kulia akijua sababu. Si mfumo mpole, na sisemi kwamba ni wa haki, maana aliyesoma katika shule ya kutwa isiyo na maabara alipigania pointi zilezile na aliyesoma katika shule ya kitaifa. Lakini mstari wake unaonekana. Ng'ambo, mstari hauchorwi. Barua hufika ikisema kwamba waombaji walikuwa wengi na wazuri, na hapo ndipo mzazi hunijia na kuniuliza: "Mwalimu, mtoto wangu alikosea wapi?"

A yenyewe nayo tunaibeba kama dhahabu, na kwa kweli ni adimu. Kati ya watahiniwa 962,512 wa KCSE ya 2024, waliopata A walikuwa 1,693, yaani mmoja kati ya karibu 570. Lakini uadimu wake hutegemea pia mkono wa msahihishaji na wa msimamizi: mwaka 2015 A zilikuwa zaidi ya 2,600, na mwaka 2016, udanganyifu ulipobanwa, zikawa 141. Maofisa wa udahili wanaosoma mafaili ya Afrika wanaujua mtihani wetu, na wanajua kwamba A- ya mwaka mgumu si aibu. Kwa upande mwingine, A haimshtui mtu anayesoma mafaili ya dunia nzima. Humfungulia kijana ukurasa wa pili wa faili lake, na kazi yake huishia hapo.

Mpaka sasa nimezungumza kama kwamba mtoto wa Kibuye na mtoto wa daktari wa Nairobi wanagombea kitu kimoja, na sivyo. Binti yule alihitaji kiti na pesa kwa pamoja, na vyuo havishughulikii jambo hili kwa namna moja. Viko vichache ambavyo humwamua mwombaji wa kigeni bila kutazama uwezo wake wa kulipa, kisha humpa msaada wote anaohitaji, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, na tangu mwaka 2022 Dartmouth. Vingi vilivyobaki, hata vyenye majina makubwa kama Stanford na Cornell, huutazama mfuko wa mgeni kabla ya kuamua, na hapo mwenye kuhitaji karo yote hushindana na bajeti kabla ya kushindana na watu. Ndiyo maana orodha ya vyuo inayopangwa kwa asilimia peke yake humdanganya mtoto maskini mara mbili. Chuo kinachokubali asilimia 15 lakini kina pesa za wageni wachache tu ni kigumu zaidi kwake kuliko kinavyoonekana, na pengine ni kigumu kuliko kile cha asilimia 4 ambacho hakimwulizi baba yake anafanya kazi gani.

Hapa magharibi tuna mifano ya kutosha inayoonyesha kwamba mlango huo hupitika. Mradi wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na mwanariadha Mike Boit pamoja na mwandishi John Manners, uliwakusanya Iten vijana waliofaulu sana, ukawafundisha SAT na uandishi wa insha, na kuwapeleka katika vyuo hivihivi tunavyovitaja. Benki ya Equity nayo ina programu ya viongozi ambayo imewaongoza wengi. Ninachojifunza kutoka kwao ni kwamba wanaofanikiwa aghalabu ni waliokwisha kuchujwa na kuandaliwa kabla ya kutuma fomu; kijana anayeingia saiba ya Kondele peke yake siku tatu kabla ya mwisho, akiwa na nenosiri alilolisahau, hayumo katika mashindano yaleyale ingawa jina lake limo katika hesabu ileile ya 54,008.

Wapo wanaosema kwamba mambo haya yote ni bahati nasibu. Nimewahi kusema hivyo pia, kwa kumfariji mtoto, na sasa sisemi. Katika bahati nasibu tiketi zote ni sawa, na nimesoma insha nyingi mno kuweza kukubali kwamba zote ni sawa. Insha tisa kati ya kumi zinazoletwa kwangu ni insha moja: taa ya koroboi, kilomita nyingi za kutembea bila viatu, mama aliyejinyima, kisha ndoto ya kuwa daktari na kurudi kusaidia jamii. Simcheki anayeandika hivyo, maana mara nyingi ni kweli tupu, na mimi mwenyewe nilitembea hizo kilomita. Shida ni kwamba msomaji wa mbali amekwisha kuisoma mara mia wiki hiyo, na mtoto aliyeishi maisha ambayo hakuna mwingine ameyaishi amejificha nyuma ya koroboi.

Kijana mmoja wa Dunga aliniletea insha ya namna hiyo, nikamwuliza kwao wanafanya nini. Akasema mama yake hununua omena ufuoni na kuiuza kwa gorogoro. Tukazungumza kuhusu samaki kwa dakika kumi, naye akaanza kunieleza, kwa hasira iliyonifurahisha, jinsi wauzaji wengine wanavyobonyeza kitako cha gorogoro ili lishike kidogo, na jinsi yeye, akiwa kidato cha pili, alivyokwenda na maji na chupa ya lita moja akayapima magorogoro ya ufuo mzima, kisha akaandika tofauti zake katika daftari la mama. Mama alimwambia aache, kwa sababu angewagombanisha na majirani. Aliandika hayo, pamoja na ugomvi wenyewe, na pamoja na jambo la aibu zaidi, kwamba gorogoro la mama yake nalo halikuwa kamili. Alipata chuo kidogo cha Marekani na ufadhili wote, kwa A- yake. Sikusudii kumfundisha mtu kwamba omena huingiza watu chuoni. Mwaka uliofuata nililetewa insha tatu za samaki, zote baridi.

Binti wa Kibuye aliomba vyuo vinane. Majibu ya vile vikubwa hutoka mwishoni mwa Machi, saa moja ya jioni kwao, ambayo kwetu ni saa nane za usiku, na alinisimulia kwamba alikaa jikoni na simu ya mjomba wake huku mama yake akijifanya amelala. Sita vilimkataa, kimoja kikamweka katika orodha ya kusubiri na hakikumwita tena, na kimoja kilimkubali kwa msaada uliobakiza dola elfu kumi na nane kwa mwaka, jambo ambalo kwa muuza mitumba ni namna nyingine ya kukataliwa. Nililipitia faili lake tena baadaye na sikuona kosa. Alikuwa mmoja wa wale walio mbele, katika foleni ndefu kuliko viti, na ndivyo nilivyomwambia mama yake nilipokwenda kulijibu swali lake.

Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kukunja nguo safari hii. Kisha akauliza kama ile nafasi ya udaktari ya Maseno waliyopewa na KUCCPS bado ipo, nami nikamwambia ipo. Binti sasa yuko mwaka wa pili huko, na Jumamosi ambazo hana zamu ya maabara huja kunisaidia kusoma insha za wadogo zake. Ni mkali kuniliko. Huchukua kalamu nyekundu na kufuta aya ya kwanza kabla hata ya kuimaliza, kisha humwuliza mwenyewe: "Nyumbani kwenu mnafanya nini?"